Kabla ya Kununua Iafoni, Tazama Shingo ya Waya

Mtu akiingia dukani kununua iafoni, zile za kuvaa masikioni, swali lake la kwanza ni inapigaje. Besi ikoje, sauti inafika wapi. Mimi nauliza kwanza itaharibikia wapi. Kila iafoni ina mahali pake pa kufia, na mahali hapo panaonekana tangu ikiwa kwenye boksi, kabla hujatoa hata shilingi. Ukipatazama ukaona aliyeitengeneza amepalinda, nunua. Ukiona amepaacha hivi hivi, irudishe mezani hata kama besi yake inatikisa ubongo.

Ninaandika haya nikiwa Mwanza, na Mwanza ina hali zake. Nasikiliza kwenye daladala kutoka Buhongwa kwenda mjini, nasikiliza nikiosha vyombo, na asubuhi zisizo na mvua nakimbia Capri Point, ziwa likiwa upande mmoja na miamba upande wa pili. Jua lipo, jasho lipo, vumbi lipo, bodaboda zipo. Pesa nayo ina foleni yake: ada, gesi, kodi ya nyumba, ndipo iafoni. Kwa hiyo ninaposema bei nafuu sihesabu bei ya siku ya kununua peke yake. Iafoni ya elfu tano inayokufa kila mwezi inakula elfu sitini kwa mwaka. Ya elfu ishirini ikimaliza mwaka, hiyo ndiyo ya bei rahisi.

Aliyenionyesha pa kutazama ni fundi simu mmoja mwenye meza yake jirani na Makoroboi, kule ambako wapita njia wanapishana mabega na bidhaa zimepangwa hadi ukingoni mwa barabara. Chini ya meza ana ndoo ya iafoni zilizokufa. Anazichomoa pini, mipira na waya za kutengenezea nyingine. Nilipomuuliza zinakufa kwa nini, alichukua moja akaikunja pale waya unapoingia kwenye pini.

"Dada, watu wananiletea wanasema sikio moja limekufa," alisema. "Masikio hayana shida. Shida iko hapa shingoni."

Ukiuchuna waya wa iafoni utakuta nyuzi za shaba nyembamba mno, zimesokotwa pamoja na uzi wa nailoni, na kila kundi limepakwa vanishi ya rangi yake. Kwa kawaida nyekundu ni ya sikio la kulia, kijani au bluu ni ya la kushoto, na ile inayobaki na rangi ya shaba ndiyo njia ya umeme kurudi. Nyuzi hizo zinavumilia kuvutwa kidogo. Hazivumilii kukunjwa mahali palepale kila siku. Na panapokunjwa kila siku ni pale waya laini unapokutana na kitu kigumu: kwenye pini, kwenye njia panda ya masikio mawili, kwenye kile kidude cha kupokelea simu, na kwenye sikio lenyewe. Uzi mmoja unakatika, kisha wa pili. Sauti inaanza kukwaruza ukisogea, baadaye inapotea mpaka uushike waya kwa namna fulani, mwishowe upande mmoja unanyamaza kabisa.

Kinga yake inaonekana kwa macho. Ni kile kipande cha mpira laini, kirefu kidogo, mara nyingi chenye mikato mikato, kinachoupokea waya unapotoka kwenye pini. Ukiukunja waya, mpira unatakiwa upinde pamoja nao taratibu, upinde mpana. Kama waya unatoka moja kwa moja kwenye plastiki ngumu na unakunjika papo hapo kwenye ncha, hapo ndipo itakapofia. Kagua hivyohivyo kwenye njia panda na kwenye masikio. Kazi hiyo haimalizi hata dakika moja, na sijaona kipimo kingine cha dukani kinachosema ukweli kama huo.

Umbo la pini nalo lina maana. Pini iliyonyooka inasimama juu ya simu, na simu ikiwa mfukoni kila unapokaa inasukumwa na paja. Pini ya kona inalala ubavuni mwa simu, haisumbuliwi. Kwa anayekaa na kuinuka kwenye daladala mara nyingi kwa siku, nachagua ya kona bila kusita, ila jaribu kwanza kama inaingia hadi mwisho ukiwa umevaa kava lako. Waya wa kitambaa usikubabaishe. Unapendeza na haujifungi mafundo kirahisi, lakini nyuzi za ndani ni zilezile, na kitambaa kinakunywa jasho.

Uzuri wa ugonjwa wa shingo ni kwamba unatibika. Fundi anakata kipande kilichokufa, anachoma ile vanishi kwa risasi ya kuchomelea iliyoyeyushwa ili shaba ishike, anafunga pini mpya. Hapo kuna jambo la kumkumbusha: hesabu mistari myeusi kwenye pini ya zamani. Mistari miwili ni sauti ya masikio mawili bila maiki. Mitatu maana yake kuna maiki. Akikufungia ya mistari miwili kwenye iafoni iliyokuwa na mitatu, muziki utasikia, lakini ukipigiwa simu mwenzako hatakusikia kupitia waya. Mafundi wazuri wanajua. Wenye haraka wanaokota pini iliyo karibu na mkono.

Sasa majina makubwa. Kutwa nzima mjini utapita mbele ya iafoni zenye nembo za Marekani na Japani zikiuzwa bei ya sahani ya wali na samaki. Hizo ni feki, na muuzaji mwenyewe ukimuuliza kwa upole atakwambia. Feki si lazima iwe mbaya kuliko isiyo na jina. Ubaya wake ni kwamba unalipia nembo, halafu huna wa kumrudia. Afadhali kampuni ya kawaida yenye jina lake halisi. oraimo kwa mfano ni ya Transsion ya China, haohao wanaotengeneza Tecno, itel na Infinix, na maduka mengi yanayouza simu hizo yanakuwa nazo. Risiti mkononi na duka lenye mlango lisilohama kesho ni sehemu ya uimara wa kitu.

Dukani jaribu kwa simu yako mwenyewe, na usijaribu kwa muziki. Weka mtu anayezungumza: taarifa ya habari, mahubiri, chochote chenye sauti moja ya binadamu. Sauti hiyo inatakiwa isimame katikati ya kichwa. Ikiegemea upande mmoja, masikio hayalingani. Huku unasikiliza, shika pini uizungushe taratibu, tikisa waya kwenye njia panda, gusa kidude cha maiki. Ukisikia mkwaruzo hata mara moja, achana nayo. Kisha mpigie muuzaji akiwa hatua chache nje umsikie anasemaje kuhusu maiki. Na kuhusu besi: nyingi za bei ya chini zimejazwa besi kwa sababu ndiyo inayomshika mteja kwa sekunde tano za kwanza. Ukifika nyumbani unagundua maneno yamefunikwa. Kwa mtu anayesikiliza habari, masomo au mazungumzo, besi ya kiasi ni baraka.

Kuna faida ya waya ambayo wapenzi wa Bluetooth wameisahau. Redio ya FM kwenye simu hutumia waya wa iafoni kuwa antena, ndiyo maana simu nyingi ukifungua redio zinakwambia uchomeke kwanza. Waya ukiwa umesongamana mfukoni stesheni inakwaruza, unyooshe, inatulia. Jambo hilo si dogo kwetu. Radio Free Africa inarusha matangazo yake kutoka hapahapa Mwanza, na siku ya Simba na Yanga utawakuta walinzi, mama lishe, na wapakua samaki kule Mwaloni Kirumba wakiwa na waya mmoja sikioni, bila bando, bila kusubiri video inayozunguka. Betri ya simu ndogo inamaliza mechi na bado inabaki. Iafoni nyingi za Bluetooth haziwezi kukupa hilo peke yake.

Tangu Apple walipoondoa tundu la iafoni kwenye iPhone 7 mwaka 2016, kampuni nyingine zimefuata moja baada ya nyingine, ingawa simu nyingi za bei ya kawaida bado zinalo. Kama simu yako haina, kuna kiunganishi cha Type-C. Usinunue bila kujaribu. Kuna simu zinazotoa sauti tayari kupitia tundu la chaji, na kuna zinazotaka kiunganishi chenye chipu yake ya kubadilisha sauti, na kwa nje vinafanana kabisa. Kilichofanya kazi kwa jirani yako kinaweza kukaa kimya kwenye simu yako.

Kwa matumizi ya kila siku, basi, msimamo wangu uko wazi: waya. Mazoezi ni habari nyingine, kwa sababu huko adui anabadilika.

Adui wa kwanza ni jasho. Kwenye boksi tafuta herufi IP zikifuatwa na alama mbili. Ya kwanza inahusu vumbi, ya pili maji, na penye X maana yake upande huo haukupimwa. IPX4 inavumilia maji yanayorukia kutoka pande zote. IPX5 inavumilia maji ya mkondo. IPX7 inavumilia kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Kwa kukimbia, IPX4 inatosha, na ukiambiwa iafoni ni ya michezo wakati boksi halina IP yoyote, hayo ni maneno matupu. Mimi kwa vumbi la kiangazi cha huku ningependa na ile alama ya kwanza iwe na namba, kama IP54 au IP55. Ukikimbilia barabara za vumbi kule Igoma wakati wa Agosti utaelewa.

Ila vipimo hivyo hufanywa kwa maji safi, na jasho lina chumvi. Chumvi inabaki baada ya maji kukauka, inakaa kwenye vile vidoa vya chuma vya kuchajia, na umeme unapopita juu yake na unyevu, chuma kinaliwa. Kuna iafoni zinazosemwa zimeharibika na maji kumbe zimeharibika wakati wa kuchaji. Ukimaliza kukimbia, zipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha kikavu, uziache wazi mpaka zikauke ndipo uzirudishe kwenye kasha. Soma pia maandishi madogo: mara nyingi IP ni ya masikio tu, kasha lenyewe halina kinga. Kuzirudisha na jasho lake ni kufungia chumvi pamoja na umeme.

(Kuna wanaoniuliza kama IPX7 inaruhusu kuogelea nayo ziwani. Iafoni inaweza kupona, lakini muziki utakatika mara kichwa kikizama, kwa sababu maji yanameza mawimbi ya Bluetooth. Waogeleaji hutumia zile zenye nyimbo ndani yake zenyewe.)

Maji hayohayo yanaeleza jambo linalowashangaza wakimbiaji wengi. Iafoni ya Bluetooth haikatiki kabisa ndani ya nyumba, lakini ukifika barabara ya wazi kando ya ziwa inaanza kukatakata. Watu wanadhani wameuziwa mbovu. Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji. Simu ikiwa mfuko wa kushoto wa nyuma na sikio linalopokea likiwa la kulia, mwili wako umesimama katikati. Ndani ya chumba mawimbi yanagonga kuta na kurudi kupitia njia nyingine. Kwenye uwazi wa ziwa hakuna kuta, wimbi likizuiwa limezuiwa. Hamishia simu upande wa pili, au ifunge mkononi juu ya kiwiko, na mara nyingi tatizo linakwisha bila gharama yoyote. Jaribu hilo kabla ya kuirudisha dukani.

Adui wa pili, barabara, ndiye ninayemwogopa kweli. Binamu yangu anaendesha bodaboda, na alikuwa akivaa masikio yote mawili.

"Dada, bila muziki nasinzia," aliniambia.

"Na abiria akisema shusha hapa?"

"Ananigusa bega."

"Na lori likipiga honi?"

Hapo alikaa kimya, na tangu siku hiyo anavaa moja, walau ninapomwona. Sikio lililozibwa barabarani ni hatari kwa mwenye pikipiki, kwa mwenye baiskeli na kwa anayekimbia. Barabara zetu nyingi hazina njia ya waenda kwa miguu, na bodaboda inaweza kutokea upande wowote, hata ule usiotarajiwa. Iafoni yenye uwezo wa kufuta kelele, ambayo watu wanailipia zaidi, kwenye barabara naiona ni pesa uliyotoa ili usisikie kinachokuja.

Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya hilo. Iafoni za kupitisha sauti mfupani hazizibi sikio. Zinakaa kwenye mfupa wa mbele ya sikio na kuutikisa, na sikio la ndani linasikia wakati tundu la sikio liko wazi kwa dunia. Wanaojulikana zaidi ni Shokz. Ile OpenRun yao ina IP67 na ukanda wa titani unaopita nyuma ya shingo. Ni imara, na kwa wakimbiaji ni kitu kizuri sana. Lakini bei yake ni ya kuwekeza, besi ni ndogo kwa asili, na kwenye daladala lenye spika za konda hutasikia neno. Za bei ya chini zinazoitwa za mfupa, nyingi ni spika ndogo tu zilizotundikwa mbele ya sikio. Kipimo chake ni kuziba masikio yako kwa vidole ukiwa umeivaa: ya mfupa ya kweli itaendelea kusikika, tena kwa nguvu zaidi, ile nyingine itafifia.

Kwa bajeti ya kawaida, jibu ni sikio moja. Na lipi liachwe wazi? Magari ya Tanzania yanapita kushoto. Anayekimbia pembeni ya barabara anatakiwa ayakabili magari, yaani akimbie upande wa kulia, ili anayemkaribia amwone. Ukikaa hivyo barabara yote iko kushoto kwako. Acha wazi sikio la kushoto. Tena kwenye simu kuna mpangilio wa kuunganisha pande mbili za sauti ziwe moja, upo kwenye sehemu ya usaidizi wa kusikia. Uwashe, la sivyo utakosa nusu ya wimbo.

Katika zisizo na waya kabisa, vile vipande viwili vya kukaa ndani ya kasha, mahali pa kufia ni betri. Kila kipande kina betri ndogo sana, na betri ya lithiamu huzeeka kwa kutumika, kwa joto na kwa umri wenyewe. Betri ndogo inayoisha na kujazwa kila siku inazeeka haraka. Mwaka wa kwanza inakaa saa nne au tano, baadaye saa mbili, baadaye upande mmoja unazima kabla ya mwenzake. Na kwa jinsi zilivyogundishwa, fundi hana pa kuingilia. Nimewahi kupeleka jozi ya kampuni inayojulikana kwa huduma na kuambiwa ninunue mpya. Hiyo ndiyo sababu sipendekezi vipande viwili kwa mtu mwenye pesa ya kubana, hata vikiwa vimeshuka bei. Ongeza na hili: kipande kimoja kikidondoka kwenye mtaro au katikati ya miamba, kwa kawaida unanunua jozi nzima.

Badala yake nawapendekezea iafoni ya shingoni, ile yenye ukanda unaozunguka shingo na waya mfupi kwenda kila sikio. Watu wa mjini wanasema imepitwa. Kwangu ni chombo cha Mwanza hasa. Betri inakaa kwenye ukanda, kwa hiyo ni kubwa na inachaji mara chache, yaani inazeeka polepole. Ukivua sikio moja kusalimiana na mtu linaning'inia kifuani, halipotei. Zenye sumaku unaziunganisha na zinatulia. Ukanda una nafasi, na fundi mwenye mkono mtulivu anaweza kuufungua kubadilisha betri. Shingo zake za waya zikague vilevile, maana zipo pale zinapotoka kwenye ukanda. Epuka kuiacha juani, kwenye dashibodi au dirishani. Joto linaiua betri kuliko kazi. Ukiiweka muda mrefu bila kuitumia, iache ikiwa na chaji ya nusu.

Hedifoni za kuvaa kichwani nitazipitia kwa haraka, kwa sababu kwa mazoezi kwenye joto letu si mahali pake: sikio linatota, na ile ngozi ya bandia inabanduka vipande vipande. Kwa nyumbani au kazi ya studio ni jambo jingine. Koss Porta Pro imekuwa sokoni tangu 1984, Sony MDR-7506 tangu 1991, na zote mbili bado zinauzwa. Sponji zake zinapatikana, zinavuliwa na kuvalishwa mpya. Miaka hiyo yote inatokana na hilo kwa sehemu kubwa.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi ya pesa. Binti wa kaka yangu yuko kidato cha pili. Tukiwa tumekaa pamoja kwenye daladala nasikia kila neno la wimbo wake, na mimi sina iafoni. Nikimwambia apunguze anasema, "Shangazi, nikipunguza nasikia injini." Ana haki, na hapo ndipo tatizo lilipo. Anashindana na injini, konda, spika za gari na honi, na anashinda kwa kuyapandishia masikio yake sauti.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki bila kujidhuru. Kwa watoto ni 75. Lakini kila desibeli 3 zinazoongezeka zinapunguza muda huo kwa nusu, kwa hiyo ukifika 90 zimebaki saa 4 tu kwa wiki nzima. Saa 4! Mwanafunzi anayetoka Buhongwa kwenda na kurudi anaweza kuzimaliza kabla ya Ijumaa. Vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa havioti tena, na havina fundi Makoroboi wala hospitali ya Bugando. Shirika hilohilo linakadiria vijana zaidi ya bilioni 1 duniani wako katika hatari hiyo kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti kubwa. Ushauri wake wa kawaida ni usivuke asilimia 60 ya sauti ya simu. Masikio yakilia mbiu baada ya kuvua iafoni, umekwisha kuvuka.

Hapa mpira wa sikio unafanya kazi kuliko teknolojia yoyote. Mpira wa saizi sahihi unaziba tundu, injini inabaki nje, na unajikuta umepunguza sauti mwenyewe bila kulazimishwa. Besi nayo inarudi, maana besi huvujia kwenye nafasi iliyobaki wazi. Wengi wanavaa mpira uliokuja umevalishwa, ule wa kati, na hawajajaribu mwingine. Masikio ya mtu mmoja yanaweza hata kuhitaji saizi mbili tofauti. Ukivaa, fungua na ufumbe mdomo kama unatafuna. Iafoni isipotikisika na sauti isipobadilika, hiyo ndiyo saizi yako. Nilimbadilishia yule binti mipira midogo tukiwa hapohapo kwenye siti, na alishusha sauti mwenyewe bila kuambiwa.

Umeona sasa kwamba daladala linataka sikio lililozibwa vizuri na barabara inataka sikio lililo wazi. Hakuna iafoni moja inayotenda yote mawili vyema kwa bei yetu. Ndiyo maana ningekuwa na elfu hamsini nisingeiweka yote kwenye kitu kimoja. Ningechukua ya waya yenye pini ya kona, shingo nzuri na mipira ya kuziba kwa daladala, redio na nyumbani, na inayobaki iende kwenye ya shingoni yenye IPX5 kwa mazoezi, sikio moja likiwa nje. Moja ikiwa kwa fundi, nyingine ipo.

Kabla ya kwenda kwa fundi, lakini, tazama kile kiwavu kidogo kwenye mdomo wa sikio. Upande mmoja ukiwa na sauti hafifu bila kukatakata, mara nyingi ni nta ya sikio imeziba. Vua mpira, geuza iafoni itazame chini ili uchafu udondoke badala ya kuingia, sugua kwa mswaki mkavu laini. Usichokonoe kwa sindano, usimimine spiriti. Mpira wenyewe uoshe kwa sabuni na maji, uache ukauke. Ukichanika usiurudishe, kwa kuwa kipande kinaweza kubaki ndani ya sikio. Ile mipira ya akiba ya saizi nyingine iko kwenye kimfuko kidogo cha nailoni chini ya boksi, mara nyingi imejificha nyuma ya karatasi ya maelekezo. Itoe kabla boksi halijaenda jalalani.